Kamba, maua, mawe na vijiti: tiba ya simulizi kwa mkosaji aliyeumizwa utotoni

Ukimuuliza mfungwa wa kesi ya kujeruhi utoto wake ulikuwaje, mara nyingi atakujibu neno moja: "Kawaida." Hakudanganyi. Kwa mtu aliyechapwa waya tangu darasa la kwanza, waya ndiyo kawaida. Kazi ya mnasihi ni kuifungua hiyo kawaida bila kumvunja mtu, na bila kumpa kisingizio.

Mwongozo huu unafuata njia moja tu, iitwayo FORNET. Ni tawi la tiba ya simulizi, NET, iliyobuniwa na Maggie Schauer, Frank Neuner na Thomas Elbert wa Chuo Kikuu cha Konstanz, Ujerumani. NET ilijaribiwa mapema kwenye makazi ya wakimbizi Uganda, na kule Nakivale waliotoa tiba walikuwa wakimbizi wenzao waliofundishwa kazi, si madaktari. FORNET ikaongeza kusimulia ukatili ambao mteja mwenyewe aliufanya. Imetumika kwa wapiganaji wa zamani mashariki mwa Kongo, nchi ambako askari mtoto huitwa kadogo, na kwa vijana waliokulia mitaani Burundi. Kuusoma mwongozo hakukupi ruhusa ya kuanza kesho asubuhi. Lazima upate mafunzo, na uwe na msimamizi anayezisikiliza kesi zako.

Namba zinasema nini, na hazisemi nini

Mwaka 2002 Seena Fazel na John Danesh walikusanya tafiti 62 za magereza katika nchi 12. Wanaume 65 katika kila 100 walikuwa na tatizo la haiba (namna mtu anavyofikiri, kuhisi na kuhusiana na wengine) la aina fulani, na 47 walikuwa na lile la kutojali haki za wengine. Kwa wanawake, 25 katika kila 100 walikuwa na haiba ya mpakani, ile ya hisia zinazopanda na kushuka ghafla, hofu ya kuachwa na kujikatakata. Karibu zote zilikuwa nchi za Magharibi, kwa hiyo usizibandike namba hizo kwenye gereza lako kama zilivyo.

Upande wa utoto, watu wengi wanayajua maswali 10 ya ACE, ya mabaya aliyopitia mtu utotoni, yaliyotokana na utafiti wa Vincent Felitti na Robert Anda uliochapishwa mwaka 1998 huko Marekani. Kila "ndiyo" ni alama moja. Tatizo ni pale mnasihi anapoyageuza kipimo cha mtu mmoja: "Huyu ana alama 7, basi tumeshajua." Hujajua kitu. Alama haikuambii jambo lilitokea mara moja au miaka 6, wala kama alikuwapo bibi aliyemficha mtoto jikoni kwake. Anda mwenyewe, pamoja na wenzake, aliandika mwaka 2020 kuonya juu ya matumizi hayo.

Halafu kuna Cathy Widom. Alifuatilia watoto 908 wa Marekani ambao mateso yao yalithibitishwa mahakamani, akawalinganisha na wengine 667. Katika ripoti yake ya 1989, waliokamatwa kwa kosa la ukatili walikuwa 11 katika kila 100 kwa kundi la kwanza, na 8 kwa kundi la pili. Tofauti ipo, lakini ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. Kwetu hili lina uzito wa pekee: utafiti wa kitaifa wa Tanzania wa mwaka 2009 ulikuta kwamba karibu robo tatu ya vijana, wa kike na wa kiume, walifanyiwa ukatili wa mwili kabla ya kufika miaka 18. Robo tatu ya nchi haiko gerezani. Kwa hiyo usimwambie mteja kwamba yuko hivi kwa sababu alipigwa. Mwambie kuna mambo mwili wake bado unayabeba, na mtayaangalia moja baada ya jingine.

Nani aanze, nani asubiri

Anayefaa ni yule mwenye dalili za kiwewe (ndoto mbaya, kushtuka, kukwepa vikumbusho, kukaa macho kama mlinzi) na ambaye pia ana historia ya kufanya ukatili. Asubiri anayesikia sauti na hajapata dawa, anayetetemeka kwa kuachishwa pombe au heroini, na mwenye mpango wa kujiua sasa hivi. Asubiri pia anayeendelea kupigwa au kulawitiwa katika selo ileile atakayorudi baada ya kikao. Huyo kwanza ahamishwe. Mahabusu ambaye kesi yake haijasikilizwa naye asubiri, walau kwa sehemu ya vijiti (ukatili alioufanya yeye), maana karatasi yako inaweza kuitwa mahakamani.

Jambo gumu zaidi ni saikopathi, mtu asiye na huruma wala majuto. Kipimo cha Robert Hare, PCL-R, kina vipengele 20 na alama za juu ni 40. Amerika Kaskazini mstari huwekwa 30. Kinatumiwa na aliyefundishwa tu, kwa mahojiano na faili. Kwa nini ukijali? Katika miaka ya 1960 na 1970, kitengo cha hospitali chenye ulinzi mkali, Oak Ridge, huko Penetanguishene, Kanada, kiliendesha programu ya wakosaji kufunguana mioyo wao kwa wao, siku nyingi mfululizo, na wafanyakazi wakiwa pembeni. Marnie Rice na wenzake walipofuatilia, wasio saikopathi waliopitia programu walirudia ukatili 22 katika kila 100, dhidi ya 39 wa wenzao waliokaa gerezani tu. Saikopathi ikawa kinyume: 77 dhidi ya 55. Huenda mtu asiye na huruma alifundishwa kusoma hisia za wengine, na hakuna aliyemfundisha kuzizuia zake. Hiyo haimaanishi hatibiki. Ina maana hamuanzi naye kwa kufungua mioyo, na kamwe hamuanzi kwenye kundi.

Kuhusu jina la ugonjwa, usiwe na haraka. DSM-5, mwongozo wa Marekani wa magonjwa ya akili, inataka mtu awe na miaka 18 au zaidi, na dalili za tabia mbaya zilizoanza kabla ya miaka 15, ndipo aitwe mwenye haiba ya kutojali haki za wengine. Mtoto aliyelala stendi akaiba mkate akiwa na miaka 10 atakidhi baadhi ya vigezo hivyo kwa njaa tu. ICD-11, orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani iliyoanza kutumika Januari 2022, imeacha aina nyingi za zamani na inauliza kwanza tatizo la haiba ni jepesi, la kati au kali. Imeongeza pia kiwewe changamani: dalili za kawaida za kiwewe, pamoja na hisia zisizotulia, kujiona takataka, na kushindwa kukaa na watu. Baadhi ya wanaoandikwa "haiba mbaya" kwenye faili wamo humu. Swali letu la kuanzia ni hili: hasira yake inawaka anapokumbushwa jambo, au anaponyimwa jambo? Si kipimo, ila linakuonyesha pa kuchimba.

Vifaa

Kamba ya katani au ya nguo, mita 2 hadi 3. Maua, hata ya karatasi, makubwa kwa madogo. Mawe kama 15 ya ukubwa tofauti, kuanzia kokoto hadi jiwe la kujaza kiganja. Vijiti kama 10. Mshumaa kwa ajili ya waliokufa.

Gerezani nusu ya vitu hivi itaishia getini, na walinzi watakuwa na haki: kamba hunyonga na jiwe hupasua kichwa. Chora mstari wa chaki sakafuni. Maharage yawe mawe madogo, vizibo vya soda viwe mawe ya kati, mifuniko ya ndoo mawe makubwa. Vijiti vya kibiriti vilivyokatwa vichwa vinatosha. Maua ni vipande vya kitenge. Mshumaa usiwashwe, mduara wa karatasi nyeupe unatosha. Ila usipunguze hadi ukabaki na kalamu na daftari, kwa sababu kuinama, kuchagua kitu, kukiweka na kukisogeza ni sehemu ya tiba.

Chumba kiwe na mlango unaofungika lakini askari aone kupitia kioo bila kusikia. Tenga dakika 90 hadi 120 kwa kikao, mara moja au mbili kwa wiki. Ukipewa nusu saa, usianze. Kufungua jiwe, yaani tukio baya, na kulikatiza kengele ya chakula inapolia ni kumrudisha mtu selo na jeraha bichi.

Kama wewe ni askari magereza mwenye sare, mpe mwingine kazi hii ikiwezekana. Mtu anayekuita "afande" atakusimulia kile afande anachotaka kusikia.

Kikao cha kwanza: makubaliano

Mweleze mipaka ya siri kabla hajafungua mdomo, si baada. Utatoa taarifa akitaja mpango wa kumdhuru mtu au kujidhuru, au mtoto aliye hatarini leo. Hili la mwisho hujitokeza kuliko wengi wanavyotarajia: baba wa kambo aliyemtesa yeye bado yuko nyumbani na wadogo zake. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 inamtaka mwanajamii anayejua haki za mtoto zinavunjwa atoe taarifa kwa mamlaka ya serikali za mitaa. Mnasihi hana msamaha hapo. Kubalianeni pia kwamba waathirika na wenzake wa kosa hawatatajwa kwa majina kwenye maandishi.

Halafu eleza kumbukumbu za moto na za baridi. Baridi ni zile za mahali na wakati: darasa la tatu, msimu wa mvua, nyumba ya mjomba. Moto ni harufu, sauti, maumivu, hofu, moyo kudunda. Kwa tukio la kawaida hizi mbili hukaa pamoja. Kwa tukio la kutisha, moto hubaki bila tarehe, ndiyo maana harufu ya mafuta ya taa leo inaweza kumfanya mtu mzima akaze mwili kama mtoto. Tiba ni kuurudishia moto tarehe yake.

Kikao cha pili: kulaza kamba

Mwanzo wa kamba ni kuzaliwa. Mwisho mwingine uache umekunjwa kama nyoka aliyelala, maana ni siku zijazo. Mteja aweke vitu kwa mpangilio wa umri: ua kwa jema, jiwe kwa baya, kijiti kwa ukatili alioufanya yeye, mshumaa kwa msiba.

Kila kitu kipate kichwa cha habari tu: nini, wapi, umri gani. "Jiwe. Kipigo cha baba wa kambo, miaka 8, Morogoro." Basi, nendeni kinachofuata. Hapa ndipo wanasihi wapya huharibu kwa wingi. Mteja anataja jiwe, macho yanalowa, nao wanainama: "Pole, hebu niambie ilikuwaje." Dakika 40 zinapita, kamba haijafika miaka 10, na mteja anaondoka akiwa ndani ya jiwe moja bila kuona maua yaliyokuja baadaye. Wengine humsukuma kwa "mficha uchi hazai". Methali nzuri, ila si ya kikao hiki. Kamba yote imalizike siku hiyohiyo.

Akisema hana ua hata moja, usimkubalie haraka. Uliza nani alimpa chakula, nani alimfundisha kupiga mpira, siku gani alicheka. Kumkubalia ni kosa, kwa sababu ndugu au jirani utakayemkuta hapo atahitajika mkifika kwenye mawe.

Kijiti kina tabia yake. Baadhi ya wateja wataweka kijiti na ua mahali pamoja: siku ya kwanza alipompiga mtu na genge likampigia makofi. Mwache aweke. Ukikunja uso umepoteza habari muhimu kuliko zote kwenye kamba ile. Mwishoni piga picha au chora, kisha mtazame pamoja wapi mawe yanaishia na vijiti vinaanzia. Mara nyingi hakuna haja ya kumweleza, ataona mwenyewe.

Vikao vinavyofuata: jiwe kwa jiwe

Anza kuzaliwa, uende mbele. Usiruke kwenye kosa lililomfunga hata akikubembeleza. Kati ya mawe nenda haraka. Ukifika kwenye jiwe, funga breki.

Kiswahili chenyewe kinakupa kipima mwendo. Mteja akianza "akaingia, akanishika, nikalia, akaondoka", ile -ka- inamkimbiza juu ya jiwe. Msimamishe kwenye kitenzi cha kwanza. Akiteleza kwenye -na- ("anaingia, ananishika"), ameacha kusimulia na amerudi kule. Mvute polepole kwa -li-: "Aliingia. Ulisikia nini?" Weka -li- kwa ya kule na -na- kwa ya hapa, na ushikilie mpangilio huo kikao kizima.

Tuchukue mfano wa kubuni, kijana wa miaka 27, tumwite Juma. Mnasihi ni mama wa makamo.

"Ngoja hapo, Juma. Mlango ulifunguka. Ulisikia nini?"
"Kandambili. Alikuwa anaburuta kandambili."
"Na harufu?"
"Mafuta ya taa, mama. Na pombe."
"Ulifikiri nini?"
"Kwamba leo ni zamu yangu."
"Mwili wako pale kitandani ulifanyaje?"
"Nilijikaza. Sikupumua."
"Na sasa hivi, hapa kwenye kiti?"
"Hivyohivyo. Mikono imekaza."
"Naiona. Kule ulikuwa na miaka 8 na ulikuwa peke yako. Leo ni Jumanne, una miaka 27, tumekaa wawili. Halafu alifanya nini?"

Angalia nyuzi zilizomo: milango ya fahamu, wazo, mwili, kisha daraja la kuja leo. Hisia huulizwa kwa jina: hofu, aibu, hasira? Ukikosa uzi mmoja, jiwe halipoi vizuri. Usiishie kwenye kilele. Endelea hadi tukio liishe, mtu aliyetoka ametoka, mtoto amelala au amekimbilia kwa jirani, na pumzi ya mteja imeshuka. Ndipo uulize: kuanzia siku ile uliamini nini kuhusu watu?

Wapo ambao badala ya kupanda hushuka: macho yanaganda, sauti inafifia, anapauka, hajibu. Hajatulia huyo, ameondoka. Asilale chini. Asimame, akunje ngumi na kuachia, apishanishe miguu na kukaza mapaja, ashike chupa ya maji baridi, ataje vitu 5 vya kijani chumbani. Akirudi, endelea na jiwe lilelile kwa mwendo mdogo zaidi. Kulikwepa kunamfundisha kwamba kweli halibebeki.

Nyumbani andika alichosimulia, kurasa 2 au 3, kwa maneno yake. Kikao kijacho kianze kwa kumsomea. Atasahihisha ("haikuwa mkanda, ilikuwa bomba la maji"), na hiyo ndiyo dalili kwamba kumbukumbu inapata mpangilio.

Kijiti

Hapa unahitaji uso wako kuliko maneno yako. Elbert na wenzake wameonyesha, kwa kuzungumza na wapiganaji, kwamba ukatili unaweza kuanza kwa woga na kuishia kuwa raha: damu inachemka, mtu anajiona mkubwa, anatafuta mwingine. Kuna kipimo chake cha maswali 15. Mteja akifika kwenye kijiti cha aina hii utaona mabadiliko: anakaa wima, mikono inacheza, tabasamu linamponyoka. Mnasihi anayeshtuka atafunga mlango. Anayecheka naye amekuwa mtazamaji wa genge. Uliza kwa sauti ileile uliyoulizia kandambili: alihisi nini mwilini, ni wakati gani hasa hasira iligeuka raha, nani alikuwa anatazama, uso wa yule mtu ulikuwaje, usiku ule alilalaje.

Swali la uso mara nyingi ndilo linalobadilisha kikao. Usilitumie kama fimbo. Likiulizwa kwa kejeli linaleta utetezi ("na yeye alinizoea"), likiulizwa kwa utulivu linaweza kuleta kimya kirefu. Mwachie kimya hicho.

Masimulizi ya vijiti yasitolewe kwenye kundi kwa undani. Kundi la wakosaji linalosikiliza hadithi ya mapigano litajikuta uwanjani. Kikao cha pamoja kije mwishoni, na kiwe cha mambo ya mbele: utamjibuje jirani anayekuita muuaji, utafanya nini damu ikichemka, utajipatiaje heshima bila panga.

Kufunga na kupima

Kikao cha mwisho lazeni kamba upya, msome simulizi yote tangu kuzaliwa, mwisho uliokunjwa ukunjuliwe na aweke maua ya anachotaka. Katika NET mteja husaini maandishi na kuyachukua. Gerezani usimpe ayapeleke selo. Yatasomwa na nyapara kabla ya jioni. Yakae kwenye kabati la mnasihi lenye ufunguo, bila jina, au yachanwe mbele yake akitaka.

Pima dalili kabla ya kuanza na tena baada ya miezi 3 na 6, kwa mfano kwa PCL-5, orodha ya dalili za kiwewe yenye maswali 20 na alama hadi 80. Kuanzia 31 hadi 33 kwenda juu, kiwewe kinashukiwa. Wiki ya kwanza baada ya tiba alama zinaweza zisishuke, na ndoto zinaweza kuongezeka katikati ya mawe makubwa. Mwambie mapema asije akadhani anachanganyikiwa. Linganisha pia na daftari la makosa ya nidhamu, kwa sababu mteja anaweza kulala vizuri na bado akawa anapiga wenzake.

Vikao 8 hadi 12 havibadilishi haiba. Jaribio la tiba ya skima (tiba ndefu ya kubadili imani na mienendo iliyojengeka tangu utotoni) kwa wakosaji wakali wenye matatizo ya haiba, lililofanyika katika hospitali 8 zenye ulinzi mkali Uholanzi na wanaume 103, lilichukua miaka 3 kwa kila mtu, na faida iliyopatikana ilikuwa ya wastani. Baada ya kamba, mwenye hisia zinazolipuka apelekwe kwenye kundi la ujuzi wa kutuliza hisia, mraibu apelekwe kwenye tiba ya uraibu, na wote watafutiwe kazi ya mikono.

Kwa upande wako, jiwe moja kubwa kwa siku, mawili ukilazimika. Weka kikao na msimamizi kila wiki, na usikiahirishe. Ukianza kuota kandambili za mteja, mpigie siku hiyohiyo.